Barua Imefika, Batli Haipo

Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa darasani alikosa nafasi ya fildi kwa barua iliyofika. Sijakosea kuandika. Ilifika. Ofisi aliyoomba ilimjibu kwa baruapepe, kwa Kiswahili kizuri cha kiofisi, kwamba amekubaliwa na athibitishe ndani ya siku saba. Yeye kila siku anafungua simu, anaangalia, hakuna kitu. Akaangalia mpaka folda ya barua taka, hakuna. Siku ya tisa akapiga simu. Mama mmoja akamjibu kwa upole, "Mwanangu, sisi tulishakuandikia. Ulipokaa kimya tukadhani umeshapata pengine. Nafasi tumempa mwenzio."

Akaja chumba cha seva macho mekundu. Mimi nilikuwepo kwa sababu nami nilikuwa kwenye fildi yangu, nawasaidia mafundi wa taasisi ambayo sitaitaja. Kaka fundi wa zamu akamwambia, "Kaa dada, hebu tuone." Akaandika anwani yake kwenye amri ya kutafuta, akagonga. Skrini tupu. Akageuka, "Haikuja hiyo. Wao ndio hawakutuma."

Fundi hakudanganya, alisoma alichokiona. Lakini skrini tupu ina maana zaidi ya moja. Inawezekana jambo halikutokea. Inawezekana limetokea na halikuandikwa. Na inawezekana liliandikwa, halafu likafutwa kabla hujauliza. Ukiwa huna njia ya kuzitofautisha hizo tatu, huna jibu la kumpa mtu, hata kama una seva ya bei gani.

Makala hii ni kuhusu kile kitabu ambacho programu ya kuchuja baruapepe huandika, na namna ya kuisanidi ili ikiandike vizuri. Najua kichwa cha habari kama hiki huwafanya watu wa fani nyingine wafungue ukurasa wa mashairi. Subirini kidogo. Barua ya mkopo, barua ya usaili, matokeo, jibu la msimamizi wa utafiti, vyote hivyo vinapita kwenye kichujio ambacho hamjawahi kukiona, na kinaamua peke yake.

Mabaharia wa mwambao wana neno batli, yaani kitabu cha chomboni cha kuandikia habari za safari: siku, upepo, mzigo, bandari. Mafundi wa kompyuta wengi husema logi. Mimi napenda batli, ni neno letu na linasema jambo lile lile. Anayetaka mfano wa nchi kavu aende masjala ya ofisi yoyote ya Serikali, ataona kitabu cha dispachi. Tarishi akipeleka barua, mpokeaji anatia saini. Ikija kesi kwamba barua haikufika, hapana ugomvi, kitabu kinafunguliwa. Tuliyafanya haya kwa karatasi, na hata kwa waya: kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilipofikisha waya wake wa baharini Unguja mwaka 1879, ujumbe uliokuwa ukipita ulikuwa ni mali ya kulipiwa, na mali ya kulipiwa huandikwa. Ajabu ni kwamba tulipohamia kwenye baruapepe, ofisi nyingi zikaweka kichujio na kusahau kitabu.

Wao wana batli, sisi hatuna

Kilichotusaidia siku ile ni batli ya watu wengine. Mwenzetu hakukubali kirahisi. Alirudi kuipigia ile ofisi, akaomba azungumze na mtu wao wa kompyuta. Yule bwana akafungua kumbukumbu zake, akatusomea kwenye spika ya simu, herufi moja moja, jibu ambalo seva yetu ilimpa siku ile:

250 2.0.0 Ok: queued as 9A3F21C04E

"Hiyo namba ya mwisho mmetoa nyinyi," akasema. "Mie siwezi kuibuni."

Alikuwa na haki. Katika SMTP, lugha ambayo seva za barua huzungumza, 250 ni kama saini kwenye dispachi. Seva inayopokea ikishasema 250 baada ya kukabidhiwa barua, dhamana ni yake: ama iifikishe, ama imjulishe mtumaji kwamba imeshindwa. Kwa hiyo barua iliingia mlangoni kwetu na ikapewa namba ya foleni. Baada ya hapo kimya.

Kwa nini sisi hatukuwa na mstari huo? Kwa jambo dogo la kijinga. Programu ya logrotate, ambayo huzungusha mafaili ya batli ili yasijaze diski, kwenye Debian na Ubuntu kwa kawaida huacha batli ya barua ikae wiki nne. Pale mtu fulani zamani alibadilisha ikawa kila siku, na kuhifadhi siku saba. Labda diski ilikuwa ndogo. Hakuna aliyekumbuka. Mwenzetu alikuja siku ya tisa.

Fundi akauliza, "Imetumwa saa ngapi?" Yule bwana akajibu, "Saa nne na dakika saba asubuhi." Batli haipo, lakini kichujio kina sehemu nyingine, karantini, ambako barua zilizozuiwa huwekwa badala ya kutupwa. Fundi akaingia kwenye folda ya /var/lib/amavis/virusmails, akatafuta faili la tarehe ile, saa 04:07. Hamna. Akakumbuka, akajaribu 10:07. Hamna pia. Tulikaa kama dakika ishirini hivi, kila mtu ana nadharia yake, mpaka mmoja wetu akauliza kama saa ya seva imewekwa UTC. Ilikuwa UTC. Faili lilikuwepo, 07:07, limekaa kimya siku tisa.

Hebu tazama. Saa nne ya Mswahili ni saa 10 ya Afrika Mashariki, na ni saa 7 ya UTC. Wakati mmoja, namba tatu. Sijaona kitabu cha kigeni kinachomwonya fundi juu ya jambo hili, kwa sababu waandishi wake hawaishi na watu wanaoanza kuhesabu saa alfajiri. Dawa yake ni kuandika muda kamili pamoja na tofauti yake, kwa mfano 2024-03-05T10:07:41+03:00. Kwenye rsyslog unachagua muundo unaoitwa RSYSLOG_FileFormat, basi. Ule muundo wa kizamani hauandiki hata mwaka. Na mtu akikwambia saa, muulize: ya Kiswahili au ya Kizungu?

Kichujio kilichosoma kwa matapeli

Sasa tulikuwa na barua mkononi, na swali jipya. Barua safi ya ofisi imezuiwa kwa nini?

Seva ile ilijengwa kwa namna ya kawaida sana. Mlangoni Postfix, programu ya Wietse Venema iliyotolewa mwaka 1998. Postfix ikipokea barua inaikabidhi kwa amavis ndani ya kompyuta ile ile, kwenye poti 10024. Amavis inaita SpamAssassin, kazi iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, ambayo inapima barua kwa kanuni nyingi na kila kanuni ina alama zake. Alama zinajumlishwa. Barua ikipita, inarudishwa Postfix kwenye poti 10025 na kupelekwa kwa mwenyewe. Ikivuka kiwango kilichowekwa, inazuiwa. Pale kiwango cha kuzuia kilikuwa 6.9. Barua ya mwenzetu ilipata 7.1.

Hapo ndipo dibagi inapohitajika. Batli ya kawaida inakwambia nini kimetokea. Dibagi, yaani maelezo marefu ambayo programu hutoa ikiwa inafikiri kwa sauti, inakwambia kwa nini. SpamAssassin unaweza kuilisha barua moja tu, nje ya foleni, bila kugusa seva inayofanya kazi:

su amavis -s /bin/sh -c 'spamassassin -D bayes,rules -t < barua.eml' 2> dibagi.txt

Mambo matatu kwenye amri hii yanawasumbua wanaoanza. La kwanza, iendeshe kwa jina la mtumiaji amavis, la sivyo SpamAssassin itafungua hifadhidata yako wewe, sio ile iliyoihukumu barua, na utapata alama nyingine kabisa. La pili, baada ya -D taja maeneo unayoyataka, kwa mkato kati yake. Ukiiacha -D peke yake itakumwagia kila kitu. La tatu, maelezo ya dibagi hayatoki njia moja na majibu ya kawaida, ndiyo maana kuna ile 2> ya kuyaelekeza kwenye faili.

Tukasoma. Kanuni ya kwanza iliyogonga ilikuwa UNWANTED_LANGUAGE_BODY, alama 2.8. Maana yake: lugha isiyotakiwa. SpamAssassin ina kipande kinachoitwa TextCat ambacho hubahatisha barua imeandikwa kwa lugha gani, na mwenye seva huorodhesha lugha anazozikubali. Kiswahili kimo katika lugha inazozijua, alama yake ni sw. Kwenye mpangilio wa pale palikuwa na mstari mmoja: ok_languages en. Kiingereza peke yake. Seva ipo Unguja, wanaoitumia wanaandikiana kwa Kiswahili toka asubuhi mpaka jioni, na kila barua yao ndefu inaanza safari na deni la 2.8.

Na hii haikuwa hali ya asili ya programu. Kipande cha TextCat kwa kawaida hakiwashwi, na ok_languages usipoigusa inakubali lugha zote. Mtu alikiwasha kwa mkono, nadhani kwa kunakili mwongozo wa mtu wa ng'ambo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoniuma. BAYES_99, alama 3.5. Sehemu ya Bayes ya SpamAssassin hujifunza maneno kutokana na barua unazoionesha: hizi taka, hizi safi. Haianzi kuhukumu mpaka iwe imeona angalau taka 200 na safi 200. Dibagi ya eneo la bayes huorodhesha maneno iliyoyashika pamoja na uzito wa kila moja, kutoka sifuri, safi kabisa, mpaka moja, taka kabisa. Tukaona kwenye orodha maneno ya kawaida ya barua ya ofisi: malipo, nafasi, thibitisha, namba, ndugu. Yote karibu na moja.

Sababu tuliipata kwa kuulizana. Mafundi walikuwa waangalifu kweli kuilisha kichujio barua taka za Kiswahili: mikopo ya haraka bila dhamana, umeshinda zawadi, jiunge upate utajiri, hela tuma kwenye namba hii. Barua safi walizoilisha zilikuwa za Kiingereza, kutoka folda ya fundi mmoja anayefuatilia majadiliano ya wataalamu. Kwa hiyo kichujio kilijifunza Kiswahili kutoka kwa matapeli peke yao. Kila aliyeandika "ndugu, tafadhali thibitisha" alionekana kama wao.

2.8 na 3.5 ni 6.3. Vipande vidogo vidogo vya HTML vikamalizia.

Kurekebisha kulichukua chini ya saa moja. ok_languages ikawa en sw ar, maana na Kiarabu hapa kipo. Halafu wafanyakazi watatu walijitolea barua zao za kazi za Kiswahili, mamia kadhaa, zikapitishwa kwenye sa-learn --ham. Tukaipima tena ile barua. Alama chini ya moja. Mwenzetu alikuwa amesimama nyuma yetu anaangalia. Hakusema kitu.

Batli isanidiwe vipi

Jambo ninalotaka kulisisitiza ni hili: kila barua inayogusa kichujio iache mstari mmoja, mmoja tu, unaosomeka na mtu aliyechoka. Amavis hufanya hivyo hata ikiwekwa $log_level = 0. Mstari wenyewe unasema Passed au Blocked, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, Message-ID, alama, na kama imewekwa karantini basi chini ya jina gani. Viwango ni kutoka 0 hadi 5. Mimi naona 2 ndicho kiwango cha kuishi nacho, kwa sababu hapo unapata na orodha ya kanuni zilizogonga. Tungekuwa nayo hiyo pamoja na wiki nne za kumbukumbu, kesi ya mwenzetu ingekuwa ya dakika moja, na mtu angeigundua ile 2.8 miezi mingi kabla yake.

Kuna mtego ambao lazima niutaje. Kwenye batli ya Postfix utakuta maneno status=sent, ukafurahi kwamba barua imefika. Usifurahi. Postfix inasema tu kwamba imemkabidhi anayefuata, na anayefuata ni amavis. Amavis ikiitupa au kuiweka karantini bila kumjulisha mtumaji, mstari wa Postfix unasomeka hivi:

status=sent (250 2.7.0 Ok, discarded, id=02231-07 - spam)

Imetumwa, na imetupwa, kwenye mstari mmoja. Anayetafuta kwa neno sent peke yake atamwapia mtu wallahi barua yako imefika. Chukua ile namba ya id, itafute kwenye mistari ya amavis, ndipo utajua mwisho wake. Kusema kweli, mimi ningependa kichujio kikatae barua pale pale mlangoni, kabla ya kusema 250, ili mtumaji arudishiwe na ajue. Postfix inaruhusu hivyo kwa njia ya milter, na vichujio vipya kama rspamd hufanya kazi namna hiyo. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Mistari yote hii haiandikwi na amavis yenyewe kwenye faili. Inapitia syslog, mfumo uliobuniwa na Eric Allman miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, seva ya barua ya enzi hizo. Yaani kitabu cha kumbukumbu cha karibu kila kompyuta ya Unix kilizaliwa posta. Syslog hugawa ujumbe kwa uzito, ngazi nane, toka 0 ya dharura mpaka 7 ya dibagi. Ukiweka mstari wa mail.* kwenye rsyslog unapokea zote. Ukiweka mail.warning unapokea maonyo na kwenda juu, na ile mistari ya kila barua, ambayo ni ya ngazi za chini, inaishia hewani. Nimewahi kuona seva imewekwa hivyo ili "batli iwe safi". Ilikuwa safi kweli, haikuwa na kitu.

Na umeme je? Sisi wa Unguja hatuna haja ya kuelezwa: waliokuwa wakubwa wanakumbuka mwezi mzima wa giza mwaka 2008, halafu tena toka Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika. Rsyslog kwa kawaida haisubiri diski ithibitishe kila mstari, kwa sababu kusubiri kunaipunguzia kasi. Umeme ukikatika ghafla, mistari ya mwisho inaweza kupotea, na hiyo ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Peleka nakala kwenye kompyuta ya pili, ikiwezekana yenye betri: mail.* ikifuatwa na @@ na anwani yake. Alama @ mbili ni TCP, moja ni UDP. Tumia mbili.

Kosa langu

Baada ya kisa kile nilipata bidii ya mtu aliyechelewa. Alhamisi alasiri, bila kumuuliza mtu, nikaweka $log_level = 5 na $sa_debug = 1, nione kila kitu, isipotee tena barua ya mtu. Nikaenda zangu Forodhani.

Jumatatu asubuhi simu ya ofisi haipumziki. Barua haziingii. Seva inamjibu kila anayebisha 452 4.3.1 Insufficient system storage, kwa maana kwamba nafasi imekwisha. Batli yangu ilikuwa imejaza /var yote, na foleni ya Postfix inaishi humo humo. Nilikuwa nimeifunga posta kwa wingi wa kumbukumbu. Bahati nzuri majibu yanayoanza na 4 ni ya muda, seva za watu huhifadhi barua na kujaribu tena, na Postfix yenyewe hujaribu mpaka siku tano. Tukafuta, tukarudisha kiwango, barua zikaanza kuingia. Kaka fundi hakunigombeza. Alinipa tu ufagio nikafagie chumba cha seva, na mpaka leo sijui kama kilikuwa kichafu.

Kibaya zaidi, hata ile batli nene haikuwa kamili. Kwenye mifumo yenye journald, programu moja ikiandika zaidi ya mistari 10,000 ndani ya sekunde 30, inayozidi inaachwa, na panaandikwa tu kwamba mistari kadhaa imezuiliwa. Kwa hiyo ukiifungulia dibagi bomba lote, hukosi nafasi ya diski tu, unakosa na mistari yenyewe.

Dibagi inatakiwa iwe nyembamba. Amavis ina @debug_sender_maps, ambamo unataja mtumaji mmoja, na barua zake tu ndizo huandikwa kwa urefu. Postfix ina debug_peer_list kwa seva moja unayoishuku. Rspamd ina debug_modules kwa kipande kimoja kimoja. Washa, zalisha tatizo, soma, zima. Mimi sasa nikiwasha dibagi naweka kengele kwenye simu, siiamini akili yangu. Na kuhakikisha kwamba kuzuia kunaandikwa, si lazima usubiri tapeli. Kuna mstari wa majaribio uitwao GTUBE, SpamAssassin ikiuona ndani ya barua inaipa alama 1000. Jitumie, halafu uitafute kwenye batli. Usipoiona mstari wake, batli yako ni pambo.

Yaliyomo ni ya watu

Nilipokuwa nafuta lile faili langu la Jumatatu nilisoma kidogo, kama ambavyo ungesoma wewe. Sikutakiwa. Ndani yake mlikuwa na vipande vya barua za watu: maneno ambayo Bayes iliyashika, vichwa vya barua, anwani. Mtu anaandikiana na hospitali. Mtu anaandikiana na wakili. Hata ule mstari mmoja mmoja wa kawaida, bila maudhui, unaonesha nani kamwandikia nani na saa ngapi, na katika mji mdogo kama huu hilo linatosha kuvunja nyumba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu na zisikae zaidi ya muda unaohitajika. Batli ni taarifa za watu. Kwa hiyo iwe na ruhusa 640, asiisome kila mwenye akaunti. Ondoa kichwa cha barua kwenye mstari wa amavis kama huna kazi nacho, $log_templ inakuruhusu kuchagua. Wiki nne zinatosha kwa kesi za kawaida, sioni kwa nini ofisi iwe na miaka miwili ya nani kamwandikia nani. Na faili la dibagi, ukimaliza nalo siku hiyo, lifute siku hiyo. Usilitume kwa mwenzako kwenye WhatsApp akusaidie kulisoma. Nimeona.

Kwa nyinyi ambao hamtagusa seva maisha yenu yote: barua ikipotea, msiende kwa fundi na neno "haijafika" peke yake. Nendeni na anwani ya mtumaji iliyo kamili, anwani yenu, tarehe, na saa mkiwa mmesema ni ya Kiswahili au ya UTC au ya nini. Mwombeni mtumaji Message-ID, ipo kwenye vichwa vya barua aliyoituma, na kama ana mtu wa kompyuta, jibu la 250 na namba yake ya foleni. Nendeni mapema, siku ya pili au ya tatu. Halafu mwulizeni fundi maswali mawili: batli inakaa siku ngapi, na karantini nani anaiangalia.

Mwenzetu alifanya fildi yake pengine, ofisi ndogo ya Darajani yenye kompyuta mbili. Ile ofisi ya kwanza ilimwandikia tena mwaka uliofuata kumkaribisha aombe upya. Barua hiyo nilikwenda kuitafuta mwenyewe kwenye batli, kwa ruhusa yake: Passed CLEAN, saa nne kasoro robo asubuhi, alama sifuri nukta nne.